Miti Sitini na Miwili ya Mwakio

Mmeniuliza mara tatu sasa, Jumapili baada ya ibada, na mara tatu nimewajibu "salama tu" nikashika njia yangu. Si kiburi, wenzangu. Nilikuwa nimechoka, na hata sasa ninavyoandika magoti yananiuma. Lakini Mama Neema ameniambia nikizidi kukaa kimya watu watajitungia habari zao, na mimi nawajua watu wa Mjambere. Basi haya ndiyo yaliyonipata, hatua kwa hatua. Habari za barua za ofisi na ruhusa za kazi sitazigusa, maana hizo zilinichosha kabla sijatoka mlangoni.

Kwanza kazi yangu, kwa sababu wengine mwadhani nauza kompyuta. Mimi ni karani wa ramani katika ofisi ndogo hapo Frere Town. Tunachora milima na kuonyesha mawe yakiporomoka yatafika wapi, na miti iliyo juu yaweza kuyazuia kiasi gani. Kompyuta inapewa mteremko, inapewa kila mti, mahali uliposimama na unene wake, kisha inaangusha mawe, moja baada ya jingine, siku nzima. Pale mawe yasipofika inapaka kijani. Pale yanapofika inapaka nyekundu. Mimi niliyezaliwa pwani kwenye mchanga, jiwe kubwa nililolijua utotoni lilikuwa la kusagia dawa, ndiye ninayefanya kazi hiyo.

Sasa mwamjua mdogo wangu Dama, kitinda mimba wetu, aliyeolewa Taita na fundi mwashi aitwaye Mwakio. Nyumba yao iko chini ya jabali, na kati ya jabali na nyumba kuna msitu. Mvua za mwaka jana jiwe lilishuka likavunja banda la kuku. Shemeji zake wakawapa shamba huko chini bondeni, wahamie. Dama akanipigia simu: "Dada, wewe ndiye mwenye kompyuta ya mawe. Tuhame ama tukae?"

Nikamwambia Mwakio ahesabu miti. Akaihesabu wiki mbili, akaandika kwenye daftari la shule, mti kwa mti, akanitumia picha za kurasa. Miti sitini na miwili. Nikaiingiza yote. Kompyuta ikapaka nyumba ya mdogo wangu kijani kibichi. Nikampigia, nikamwambia neno moja: "Kaeni."

Wakakaa. Lile shamba la bondeni akapewa binamu. Mkubwa wangu wa kazi aliposikia nimeshasema, alinitazama akaniambia ramani haitolewi kwa mtu mpaka mmoja wetu aende akapakanyage kwa miguu yake. Ndiyo maana nikasafiri, na vuli ilikuwa inabisha hodi.

Mjambere hadi Kongowea

Kuna mfanyabiashara wa kabichi na nyanya, Mama Righa, Mtaita, analeta mzigo Kongowea na lori linarudi na kreti tupu. Yeye ni mteja wa mume wangu miaka mingi. Akaniambia, "Dada Kache, ya nini kuhangaika? Panda mbele na dereva. Saa moja kamili tunang'oa."

Saa moja kamili nilikuwa pale, nimefunga leso mbili juu ya gauni na bomba mkononi. Bomba lenyewe lilikuwa kipande cha plastiki cha fundi wa maji, nimelifunika pande mbili, ndani ramani yangu isikunjike. Saa moja ikapita. Saa mbili ikapita. Lori lilikuwa bado limejaa kabichi, kwa sababu mnunuzi mkubwa alikuwa amegombana na mkewe asubuhi ile na hakuna aliyejua yuko wapi. Nikakalia kreti. Nikala mahamri na mbaazi. Nikala tena. Mwanamume mmoja muuza vitunguu akaja akanisalimu kwa heshima zote, shikamoo mama, marahaba baba, kisha akaniuliza nyumba yake ya Mishomoroni mfereji unavuja tangu Jumanne, nitaweza kupitia lini? Nikamwambia mimi si fundi wa mfereji. Akalitazama bomba, akanitazama mimi, akaenda zake amenuna. Nadhani mpaka leo aamini nilimdharau.

Tuliondoka saa nne na nusu.

Kongowea hadi Mariakani

Dereva wetu Bakari ni mtu wa Likoni, mpole, na kila swali analijibu inshallah. Tutafika Voi saa nane? Inshallah. Breki ni nzima? Inshallah. Mimi nilikuwa katikati, kulia Bakari, kushoto Mama Righa, ambaye ni mama wa mwili, Mungu ambariki, na gia ilikuwa kati ya magoti yangu. Kila akibadilisha gia ananiomba radhi.

Tulipofika Jomvu, trela moja lilikuwa limekufa katikati ya barabara, limejilaza upande, magari yamesimama mbele na nyuma mpaka macho yalipoishia. Jua lile! Ndani ya lori mlikuwa tanuri. Mama Righa alivua viatu. Bakari alizima injini akaegemeza kichwa usukani, na sijui kama alikuwa analala au anaswali. Kijana wa bara kwenye lori la jirani akanichungulia dirishani, "Mathe, tulia, hii jam ni ya kawaida." Nikamwambia mimi nimezaliwa Rabai na nimepita barabara hii kabla mamake hajamfikiria, asinifundishe kutulia. Akacheka, akanipa chupa ya maji. Nilikunywa yote kisha nikaona haya kwa vile nilivyomjibu.

Saa tatu tulikaa pale. Mimi nilizitumia kumfikiria Dama. Wakati ule bado nilikuwa na furaha, nasema kweli. Nilijiona ninavyofungua ramani mezani kwake, watu wa mumewe wamezunguka, wanaona kijani. Shemeji zake walikuwa wamemsema sana kwa kulikataa shamba, eti mke wa pwani ana kichwa kigumu. Nilitaka awe na kitu cha kuwaonyesha.

Mariakani kwenye foleni ya mizani hata sisi wa kreti tupu tulipangwa. Mama Righa akatununulia viazi karai, tukala kimya kama watu waliokosana.

Mariakani hadi Voi

Hapa sina mengi. Ni nyika, jua na malori. Karibu na Maungu tairi likapasuka, na Bakari akagundua jeki aliiazimisha ndugu yake wa Changamwe. "Kwa hivyo?" nikamuuliza. "Inshallah atapita mtu," akajibu. Mtu alipita baada ya saa moja na nusu, akiwa na jeki ya gari dogo. Ikavunjika. Akapita mwingine.

Tulikaa chini ya kivuli cha lori tukitafuna mahindi ya kuchemsha, na Mama Righa akaniuliza mambo mengi kuhusu bomba langu. Nikalifungua, nikamwonyesha. Hilo ndilo kosa langu la kwanza la safari. Aliitazama ramani muda mrefu, kidole kikitembea kwenye ile nyekundu upande wa pili wa kilima.

"Huku ni kwa kina nani?"

"Sijui majina yao, Mama Righa. Ni mahali mawe yanapofika."

"Hmm," akasema, akarudisha ramani, na tangu hapo hakuongea nami mpaka Voi.

Tuliingia Voi jua linazama. Nililala nyumba ya wageni yenye shuka safi na jogoo anayewika chini ya dirisha.

Voi hadi mlimani

Asubuhi nilienda hoteli ndogo karibu na stendi kunywa chai, na nilipoingia watu wakanyamaza. Mama Righa alikuwa amekaa na wanawake watatu na wazee wawili wa kwao, wote wameniangalia mimi na bomba langu. Mzee mmoja akasimama.

"Mama, tunakuheshimu. Lakini tuambie wazi. Sisi wa rangi nyekundu tunahamishwa lini?"

Lo! Nilichoka palepale. Kumbe usiku kucha Mama Righa alikuwa amepiga simu, na mlima mzima umeshaambiwa kuna mwanamke wa pwani anakuja na ramani ya serikali ya kuchukua mashamba, nyekundu linachukuliwa, kijani linabaki, na nyumba ya dada yake, tazama basi, ni ya kijani.

Nilitamani kulia na nilitamani kucheka. Nikaomba sinia. Nikaliinamisha juu ya kisahani, nikapanga vikombe vitupu juu yake, mdomo chini, nikavishika visiteleze, nikachukua ndimu nikaibingirisha kutoka juu. Ndimu ikagonga kikombe, ikapinda, ikagonga cha pili, ikasimama. Nikaondoa vikombe vyote. Ndimu ikashuka moja kwa moja mpaka kwenye mapaja ya mzee. "Hii ndiyo kazi yangu," nikasema. "Sichukui shamba la mtu. Natafuta ndimu itaishia wapi."

Mzee akaigeuzageuza ile ndimu. Akasema kwa hiyo wa nyekundu hawana miti. Nikasema ndiyo. Akasema hilo wanalijua bila ramani, waliikata wao wenyewe kuchoma matofali. Kisha akakamua ndimu kwenye chai yake. Mama Righa akaniomba radhi kwa kuninunulia mandazi manne, nami nikayala yote manne ili ajue nimesamehe.

Lori likapanda. Barabara ile inazunguka mlima, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili hakuna kitu. Mimi nilifumba macho. Baridi ikaanza kuniingia kwenye viungo, nikafunga leso ya tatu. Gari liliniacha sokoni kwao, na kutoka hapo ni miguu, saa mbili za kupanda kwenye utelezi, kwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili ambaye mlima wake wa kila siku ni ngazi za ofisi. Nilikaa chini mara sita, nilihesabu.

Kwa Dama

Dama aliniona kutoka mbali akaja mbio, mikono imejaa udongo, tukakumbatiana, nikachafuka gauni. Binti zake wawili, Mkawasi na Mghoi, wakaninyang'anya mzigo. "Shikamoo, mama mkubwa!" Nilisahau magoti yangu kwa muda.

Kisha nikaona ule udongo ulikotoka. Walikuwa wanajenga. Nyuma ya nyumba, upande wa juu, upande wa jabali, Mwakio alikuwa ameinua kuta mpaka kiunoni.

"Chumba cha wasichana," Dama akasema, uso unang'aa. "Wamekua, hawawezi kulala nasi. Tulikuwa twaogopa upande huu. Lakini uliposema tukae, nikamwambia baba Mkawasi, basi tujenge."

Nikamwambia kizuri. Na kilikuwa kizuri, kazi ya fundi. Usoni nilitabasamu lakini nilijikuta nimerudi nyuma hatua moja, sijui kwa nini, kwa maana sikuwa na shaka yoyote bado. Pengine ni kuliona lile jabali. Kwenye kompyuta ni mstari. Pale lilikuwa limeinuka mbinguni, jeusi, na nyufa zake.

Walinipikia kimanga, viazi vitamu na maharage yaliyopondwa pamoja, nikala mpaka nikashindwa kusimama. Shemeji Mwakio ni mtu wa maneno machache. Alinishukuru kwa ajili ya ramani, akaitazama, akakiweka kidole pale nyumba yake ilipo, akakiacha hapo.

Ndani ya msitu

Asubuhi tulipanda, mimi na yeye, na daftari lake. Msitu ule si wa kuni. Wataita wanauita fighi, ni mahali pao pa heshima tangu mababu, na baba yake Mwakio ndiye aliyekuwa mlinzi wake, na sasa ni yeye. Haukatwi, haupigwi panga, wala hauokotwi kijiti. Kabla ya kuingia alivua kofia, nami nikavua viatu bila kuambiwa, maana kwetu Rabai kwenye kaya, msitu wa mababu zetu, ni hivyohivyo.

Kila mti alikuwa ameufunga kitambaa chenye nambari. Wa kwanza, tukaupima, sawa na daftari. Wa pili, sawa. Mwanamume huyu amepima kwa makini kuliko wasomi ninaowajua. Wa tatu, wa nne. Nikaanza kufurahi. Tukafika wa saba.

Wa saba ulikuwa chini. Umelala kukatiza mteremko, mizizi juu, umeota kuvu, na kitambaa kimefungwa vizuri kabisa, nambari saba.

"Huu umeanguka lini?" nikauliza.

"Mwaka juzi."

"Na ukauandika?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini amemwandika mwanawe. "Shemeji, mti wa fighi hautolewi kwenye hesabu. Ukiutoa, watu watasema si wa fighi tena, watakuja na shoka, watafanya kuni. Unabaki kwenye hesabu mpaka mchwa waumalize. Baba alihesabu hivyo. Babu pia."

Nikamwomba tuendelee. Wa tisa, umesimama. Wa kumi, chini. Wa kumi na moja, chini. Nilikuwa natembea sasa kama mtu mwenye homa. Tulipofika wa sitini na mbili nilikuwa nimeandika kwenye kiganja changu kwa kalamu: kumi na tisa wamelala. Na karibu wote wako katikati, pale hasa mawe yanapopita. Mimi kwenye kompyuta niliwasimamisha wote.

Nilikaa juu ya gogo nikalia. Sioni haya kuwaambia. Kosa halikuwa la Mwakio. Aliniletea hesabu ya kwao jinsi inavyohesabiwa, hakuficha kitu. Mimi ndiye niliyezaliwa Rabai, bibi yangu akinipiga viboko kwa kuokota kuni kwenye kaya, mimi ndiye niliyepaswa kuuliza. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuona kijani. Na kwa neno langu watoto wawili wangelala kwenye chumba kile chini ya jabali.

Mwakio aliniacha nilie. Kisha akasema, "Njoo uone."

Akanizungusha upande wa juu wa yale magogo. Wenzangu, kulikuwa na mawe. Mawe mengi, mengine kama mtungi, mengine kama ng'ombe aliyelala, yameegemea magogo, yametulia. Mengine yalikuwa na ukungu wa miaka. Moja lilikuwa jeupe bado, jipya, nyasi zilizopondwa chini yake hazijakauka.

"Hili ni la wiki jana," akasema. "Lililovunja banda la kuku lilipita pale kwenye mwanya. Haya mengine yalizuiwa na hawa waliolala. Waliosimama jiwe huwapita pembeni. Hawa haliwapiti."

Nikaliwekea kiganja lile jeupe. Ofisini kwetu mti ulioanguka hatuuingizi kabisa. Tunaufuta.

Basi nikaanza kupata matumaini, nikamuuliza, kwa hiyo nyumba iko salama? Akainama kwenye nambari kumi na tatu, akachomeka kidole chake kwenye gogo. Kidole kikaingia mpaka fundo la pili. Akakitoa, mchwa wawili wanatembea juu yake, akawarudisha taratibu.

"Huyu, mvua mbili," akasema. "Yule, labda tano. Halafu haya yote aliyoyabeba yatashuka pamoja."

Kumwambia Dama

Nilijaribu kumwambia wakati anapepeta maharage, nikashindwa. Nikajaribu tena anapofua. Mwishowe ni yeye aliyenikabili uani. "Dada, tangu mmerudi umekaa kama mfiwa. Sema."

Nikasema. Nilimwambia ramani ni ya uongo, na mwongo ni mimi. Nilimwambia kuhusu wale kumi na tisa. Nilimwambia mawe niliyoyaona na kidole cha mumewe.

Dama hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama zile kuta za kiunoni.

"Nilikataa shamba," akasema. "Mama mkwe alinipigia magoti, dada. Nikamwambia dada yangu amesoma mawe, ameniambia tukae. Shamba sasa lina mahindi ya mtu."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Si leo."

Mwakio alikuwa amesimama mlangoni. Mimi nikamwambia twendeni wote Mjambere, nyumba yangu ni vyumba viwili lakini tutabanana. Akatikisa kichwa. Alizungumza polepole, nadhani ndiyo maneno mengi aliyowahi kuniambia. Akasema nyumba hii ikiondoka, fighi haina mtu. Mwaka wa kwanza watakuja kuokota magogo, maana ni kuni nzuri kavu. Mwaka wa pili watakata waliosimama. Na chini ya nyumba hii kuna nyumba nyingine thelathini, kuna shule, kuna kanisa. Akasema mvua hizi mbili tatu atapanda miche katikati ya magogo, hawa wanaooza wakiyashika mawe mpaka ile iliyo michanga ipate nguvu. Hajui kama itawahi. Ni lazima mtu awepo wa kujaribu.

"Basi kaa wewe," Dama akamwambia. "Lakini watoto wangu hapana."

Kisha Mwakio akaenda nyuma ya nyumba, akachukua nyundo, akaanza kubomoa zile kuta. Aliyatoa matofali moja moja, akayapanga, asivunje hata moja. Dama akaenda kumsaidia. Mimi nikasimama na mikono yangu mitupu, kisha nikaenda nami.

Kushuka

Lori la Mama Righa lilitupakia siku ya nne, mimi na Mkawasi na Mghoi. Dama alitusindikiza mpaka sokoni. Alikuwa amewafunga nywele upya, kila mmoja kwa uzi mpya. Hakulia mbele yao. Alipoinama kunibusu alinishika mkono kwa nguvu, kucha zikaingia, akaninong'oneza, "Mimi siwezi kumwacha peke yake pale. Unaelewa? Siwezi. Walee vizuri."

Nikamwambia naelewa. Akauachia mkono.

Kurudi hakukuwa na tairi wala trela, saa tano tu, kama ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Mama Righa alimpakata Mghoi njia nzima. Bakari alipoambiwa kwa nini wasichana wanahama, hakusema inshallah. Alisema "pole sana, dada," akawanunulia machungwa.

Ofisini nimeirudia ramani. Nimewalaza wale kumi na tisa, kila mmoja na umri wake wa kuoza. Mkubwa wangu amekubali ichapwe hivyo, na kila baada ya mvua nitapigiwa simu niambiwe nani amekwisha. Nyumba ya Dama si kijani tena.

Kwa hiyo, hao wasichana mnaowaona mferejini asubuhi ni hao. Msiwaulize wazazi wao watakuja lini. Mkawasi hanisumbui, yuko na vitabu vyake. Lakini kila mvua inapoanza kugonga mabati yetu hapa Mjambere, Mghoi huja akasimama karibu nami akauliza, "Mama mkubwa, na kwetu inanyesha?" Nami humwambia sijui, mwanangu, ilhali nimeshapiga simu, na Dama ameshaniambia.